Mtoto Mdogo, Shule, na Wazazi Wake

Kila mwezi wa Januari, katika nchi nzima, wazazi huwashika watoto wao mkono na kuwapeleka shule kwa mara ya kwanza. Mtoto amevaa sare mpya, pengine pana kuliko mwili wake ili imfae miaka miwili. Daftari analo, na kalamu ya risasi anayo. Mzazi hufika mbele ya mwalimu, husalimu, kisha husema: "Mwalimu, nimekuletea mtoto. Sasa kazi kwako." Halafu hugeuka akarudi shambani. Maneno hayo husemwa kwa heshima, nayo yatoka katika moyo wa kumwamini mwalimu. Hata hivyo yana kosa ndani yake, na kosa hilo laweza kumgharimu mtoto miaka mingi.

Somo letu la juma hili ni fupi. Kumpeleka mtoto shule ni mwanzo wa kazi ya mzazi, wala si mwisho wake. Tena miaka imhitajiyo mzazi zaidi si ile ya mwisho, karibu na mtihani, bali ile ya kwanza kabisa: elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la pili. Na kazi hiyo haimdai mzazi awe msomi, wala haimdai awe tajiri.

KATA MOJA KAMA YAKO

Ili tusiseme hewani, tutazame mahali pamoja. Kamuli ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, upande wa mipaka ya Uganda na Rwanda. Hadi mwaka 2012 nchi hiyo ya Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe. Waamini wake ni wa Jimbo la Kayanga, lililozaliwa mwaka 2008 kutoka katika Jimbo la Rulenge. Watu wake ni wakulima. Migomba huizunguka nyumba, kahawa yasimama katikati ya migomba, na maharage hupandwa penye nafasi. Lugha ya nyumbani, kwa wengi wao, ni Kinyambo.

Hatuitaji Kamuli kwa kuwa ina kasoro kuliko mahali pengine. La hasha. Twaitaja kwa sababu maelfu ya wasomaji wetu, wawe Sumbawanga, Mbinga au Kibondo, watajiona humo kama mtu ajionavyo katika kioo: kazi za shamba zisizokwisha, lugha moja nyumbani na nyingine darasani, shule iliyo mbali kidogo, na wazazi ambao baadhi yao hawakupata kusoma wakamaliza.

MTOTO NI WA NANI?

Tuanze na swali hili, kwa maana yote mengine yategemea jibu lake. Mtoto ni wa Mungu, naye Mungu amemkabidhi kwanza kwa baba na mama yake. Papa Pio XI, katika waraka wake wa Desemba 1929 juu ya elimu ya Kikristo ya vijana, alifundisha kwamba familia imepokea kwa Muumba mwenyewe haki na wajibu wa kuwalea watoto, na kwamba haki hiyo yaitangulia ile ya serikali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na walio wakuu, ukaonya kwamba wakikosekana wao, ni vigumu mno kuliziba pengo lao. Naye Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, katika wosia wake juu ya familia, alikaza kwamba wajibu huo wa wazazi hauwezi kuachiwa watu wengine wote mzima, wala hauwezi kunyakuliwa na yeyote.

Tuelewe vizuri maana yake. Kanisa halisemi kwamba mwalimu si kitu. Mwalimu ana ujuzi ambao wazazi wengi hawana, nayo serikali ina haki na wajibu wa kujenga shule, kuajiri walimu na kuweka mitaala. Lakini mwalimu ni msaidizi wa mzazi. Amepewa sehemu ya kazi, hakupewa kazi yote. Mwenye shamba akimwajiri kibarua wa kupalilia, je, huacha kulitembelea shamba hadi siku ya mavuno? Hata kibarua hodari hufurahi mwenye shamba akipita, akaona, akauliza.

Ilipotungwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule nyingi za mashirika ya dini zikawa mali ya umma, wako waliodhani kwamba sasa elimu imeondoka mikononi mwa wazazi na Kanisa. Majengo yalibadili mikono, ni kweli. Wajibu wa wazazi haukubadili mikono, kwa kuwa haukuwa umeandikwa katika hati ya jengo lolote.

BURE SI KUSEMA BILA MZAZI

Taifa letu limejitahidi sana kuwafikisha watoto darasani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 uandikishaji wa watu wote ukaanza kutekelezwa. Ada ilirudi baadaye, kisha ikafutwa katika shule za msingi mwaka 2001. Hatimaye, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia shule.

Lakini pamoja na shukrani hiyo lilizuka wazo baya: kwamba kwa kuwa shule ni bure, basi shule ni ya serikali, na mzazi hahusiki. Wazo hilo lilienea kiasi kwamba serikali yenyewe, kwa Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, ilibidi ieleze upya kazi za kila mmoja, ikiwakumbusha wazazi kwamba sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki juu yao. Hivyo ndivyo vitu vinavyoweza kuandikwa katika waraka. Viko vingine visivyoandikika, navyo ndivyo tunavyotaka kuvisema hapa.

Kwa maana kuwa darasani si sawa na kujifunza. Upimaji wa Uwezo, uliofanywa nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2010, ulionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Habari hiyo iliwashtua watu, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa ili ukaze mambo matatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mtaala ulibadilika. Je, nyumba zetu zilibadilika?

KWA NINI MIAKA YA KWANZA?

Fikiri jinsi mtoto ajifunzavyo kusoma Kiswahili. Hufundishwa irabu: a, e, i, o, u. Kisha hufundishwa silabi: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, na kadhalika. Kisha silabi mbili huungana zikawa neno: "mama", "baba", "moto". Kila hatua husimama juu ya ile iliyotangulia. Mtoto aliyekosa juma la "ma me mi mo mu" atakutana na neno "mama" juma lijalo kama mgeni akutanavyo na mlango uliofungwa. Na mwalimu mwenye watoto 80 au zaidi chumbani hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja.

Mtoto huyo hatalia. Hatasema. Atajifunza jambo lingine: kujificha. Wenzake wakiitikia, naye ataitikia. Wakikariri ukurasa, naye atakariri. Ataketi nyuma, atapanda darasa la pili, la tatu, la nne. Siku ya mtihani wa mwisho wazazi watashangaa na kusema mtoto hana akili, au mwalimu hakufundisha. Kumbe mtoto alipotea miaka mingi nyuma, katika juma moja ambalo hakuna aliyeuliza habari zake.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mzazi anayeanza kumhangaikia mtoto karibu na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akimtafutia masomo ya ziada na kutoa fedha nyingi, anajaribu kumkunja samaki aliyekwisha kauka. Jitihada ya robo saa kila siku katika darasa la kwanza ingalimfaa mtoto huyo kuliko fedha hizo zote.

MACHO YA MZAZI ASIYESOMA

Hapa twajua wazo la wengi: "Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje?" Twawajibu kwa upole kwamba kazi kubwa ya mzazi si kufundisha, bali ni kuangalia na kuuliza; na kwa kuangalia na kuuliza hauhitajiki uhodari wa kusoma.

Kila jioni mwite mtoto, mwambie alete madaftari yake. Hata asiyesoma huona ukurasa mtupu. Huona kama kuna maandishi mapya ya leo au ni yale ya juzi. Huijua alama ya vema na alama ya kosa ya kalamu nyekundu ya mwalimu. Huona kama kurasa zimechanwa. Kisha mwambie mtoto akusomee. Usimwulize tu, "Umesoma?" kwa maana atajibu "Ndiyo." Mwambie, "Nifundishe na mimi ulichofundishwa leo." Mtoto anayemfundisha mama yake herufi hujifunza mara mbili, tena hujiona mtu mkubwa.

Uangalifu mmoja wahitajika hapo. Watoto wadogo wana kumbukumbu kali. Waweza kusema ukurasa mzima kwa moyo bila kusoma neno hata moja. Basi mzazi afanye hivi. Afunike picha kwa kiganja. Aweke kidole katikati ya mstari, wala si mwanzoni, aulize, "Neno hili ni lipi?" Kisha atafute neno lenye umbo lile lile katika ukurasa mwingine, aulize tena. Anayesoma atalitambua, anayekariri atarudi kuanzia mwanzo wa mstari. Kwa njia hiyo hata mzazi asiyejua herufi aweza kugundua kama mtoto wake anasoma kweli.

Kitabu cha sala chaweza kutumika vema pia. Mtoto wa Kikatoliki huijua sala ya Baba Yetu kwa kinywa kabla ya kuanza shule. Mfungulie ukurasa wenye sala hiyo, afuatishe kwa kidole neno kwa neno. Hapo maneno aliyokuwa nayo masikioni hupata sura machoni pake. Huo ni msaada wa kusoma, na ni katekisimu pia.

Na kuhesabu? Nyumba ya mkulima imejaa hesabu. Maharage yanapochambuliwa, mtoto na ayapange makumi makumi. Ndizi zinapogawanywa, aseme yeye kila mtu apate ngapi na zibaki ngapi. Akitumwa dukani, ahesabu chenji mbele yako. Akikosa daftari, udongo laini wa uani na kijiti vyatosha kuandikia. Mambo haya hayana gharama yoyote.

Na tuwakumbuke wazee wetu. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akina mama waliobeba watoto mgongoni na wazee wenye mvi waliketi darasani, pengine chini ya mti, wakajifunza herufi. Hawakuona aibu. Mzazi wa leo asiyesoma naye asione aibu kuketi kando ya mtoto wake wa darasa la kwanza wakaanza pamoja.

LUGHA MBILI KATIKA KINYWA KIMOJA

Twaja sasa kwa jambo linalowasumbua wazazi wa Kamuli na wa sehemu nyingi za nchi. Mtoto amelelewa kwa Kinyambo. Ameitwa, amekanywa na kubembelezwa kwa Kinyambo. Kiswahili amekisikia sokoni, redioni na kanisani. Anapoingia shule, mwalimu hufundisha kwa Kiswahili. Siku za kwanza mtoto hukaa kimya, na mzazi hudhani amepata mtoto mzito.

Wengine, kwa hofu, huipiga marufuku lugha ya nyumbani. Nao wazazi wenyewe hawakizungumzi Kiswahili kwa wepesi, basi matokeo yake ni nyumba yenye ukimya: baba hutoa amri chache za Kiswahili, na hadithi za jioni hukoma. Hasara hiyo ni kubwa. Mtoto huja shuleni akiwa na maneno machache katika lugha zote mbili.

Njia iliyo bora ni kuzungumza na mtoto sana, kwa lugha ile ambayo mzazi anaiweza vizuri. Mtoto aliyezoea kusikia hadithi, kujibu "kwa nini", kueleza alichokiona njiani, na kutegua vitendawili, ana akili iliyolimwa tayari. Kiswahili kikija kitapandwa katika udongo laini. Tena lugha hizi ni ndugu. Mnyambo asemaye "omuntu" hayuko mbali na "mtu". Asemaye "omwana" hayuko mbali na "mwana". Mzazi na afanye mchezo wa jioni: "Kitu hiki twakiitaje? Na mwalimu anakiitaje?" Mtoto ataona kwamba shule haikuja kuidharau nyumba yake, bali kumwongezea mlango mwingine.

KAHAWA INGALI UA

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanalijua neno "butura". Ni ile biashara ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa yake ingali mtini, pengine ingali ua, kwa bei ndogo, ili apate fedha leo. Mavuno yakifika, yeye huchuma kwa jasho lake, lakini kahawa ni ya mwingine. Viongozi wameikemea biashara hiyo mara nyingi, kwa maana humfanya mkulima awe mtumwa wa shamba lake mwenyewe.

Basi, ndugu zetu, tusimfanyie mtoto butura. Msimu wa kuchuma kahawa unapowadia, ni rahisi kusema, "Leo abaki asaidie, ni mdogo, shule haitakimbia." Siku ya soko abaki aangalie nyumba. Mama akijifungua, msichana wa miaka minane abaki ambebe mdogo wake. Kila siku moja yaonekana ndogo. Lakini mtoto wa darasa la kwanza akikosa siku 2 kila juma kwa mwezi mmoja, amekosa siku 8 za masomo, na tumekwisha kuona jinsi silabi zinavyosimama moja juu ya nyingine. Kazi ya mikono midogo hiyo yaleta faida kidogo sana leo. Na kwa faida hiyo ndogo tumeyauza mavuno ya miaka 50 ya maisha yake.

Hatusemi mtoto asifanye kazi. Kazi ni malezi. Mtoto wa Kikristo afagie, achote maji kwa kipimo cha nguvu zake, ajifunze kulima. Lakini kazi ije baada ya shule, wala isimchoshe hata asinzie darasani. Na kazi igawanywe sawa. Kaka akiruhusiwa kusoma jioni huku dada yake yuko jikoni hadi usiku, hiyo si haki. Na baadaye tusishangae kwamba msichana amebaki nyuma.

Wala hatuwalaumu wazazi kama watu wasiojali. Twajua mama wa kijijini huamka kabla ya jogoo na hulala wa mwisho. Twajua pia kwamba wengine huuza kahawa ingali ua kwa sababu hiyo hiyo ya kununua sare na madaftari. Ndiyo sababu twasema jambo hili mapema: anayejiwekea akiba kidogo kidogo tangu mauzo ya msimu uliopita, hata kama ni kwa njia ya kikundi cha kuweka na kukopa, hatalazimika kuinama mbele ya mlanguzi Januari ikifika.

NJIA YA KWENDA SHULENI

Mzazi wa desturi huenda shuleni siku tatu: siku ya kuandikisha, siku aliyoitwa kwa kosa la mtoto, na siku ya kumaliza. Ndiyo maana mtoto akisikia, "Mzazi wako yuko ofisini," moyo humruka. Yafaa tuibadili desturi hiyo. Mzazi na aende walau mara moja kila muhula, pasipo kuitwa, pasipo ugomvi.

Na aseme nini? Mwalimu kijana, akimwona mama mtu mzima mlangoni, atasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Habari za kazi?"

"Njema, mama. Kuna shida yoyote?"

"Hakuna shida. Nimekuja kumwulizia mtoto wangu. Juma hili mnasoma nini, nami nifanye nini nyumbani?"

Maneno hayo yachukua dakika mbili. Lakini tangu siku ile mwalimu atamjua mtoto huyo kwa jina na kwa mama yake. Katika chumba chenye watoto 80, mtoto ambaye mzazi wake ameonekana haketi tena gizani. Wengine huogopa kwamba mwalimu ataona anachunguzwa. Kama mzazi aja na heshima, mwalimu ataona amesaidiwa. Na kama kuna jambo baya, liulizwe kwa mwalimu wa darasa kwanza, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha kwa kamati ya shule, ambamo wazazi wana wajumbe wao. Kumtukana mwalimu mbele ya mtoto hakumjengi yeyote; mtoto anayesikia mwalimu wake akidharauliwa nyumbani hatamsikiliza kesho darasani.

Akina baba twawaambia neno la pekee. Mikutano ya wazazi mara nyingi hujaa akina mama. Baba husema, "Mama yake ataenda." Lakini Yosefu hakumwachia Maria peke yake malezi ya Mwana aliyekabidhiwa. Baba akiketi katika benchi la mkutano wa shule, mtoto wake, na hasa wa kiume, huona kwamba masomo ni jambo la watu wazima wenye heshima.

Mwulize mwalimu pia juu ya macho na masikio ya mtoto. Wako watoto wanaoitwa wajinga kumbe hawauoni ubao, au wana sikio lenye ugonjwa. Akihamishiwa mbele, au akipelekwa zahanati, mambo hubadilika. Na mtoto asiende shule na njaa. Ndizi iliyopikwa jana, kiazi, uji, chochote kilichopo, kimtangulie. Na pale wazazi wanapokubaliana kuchangia mahindi na maharage ili watoto wapate chakula shuleni, tusiwe wa mwisho kutoa debe letu.

FIMBO NA SIFA

Mtoto akileta alama mbaya, wengi wetu hukimbilia fimbo au tusi. "Huna akili, umefanana na fulani." Neno hilo huingia ndani likakaa. Mtoto wa miaka saba huamini alichoambiwa na mzazi wake. Mwulize kwanza, "Wapi palikushinda?" Mtafutie ndugu, jirani au kaka aliye darasa la juu amwelekeze. Akipata herufi mpya hata moja, msifu mbele ya wengine. Mtoto anayepigwa kwa sababu hakujua kusoma hajifunzi kusoma. Hujifunza kulificha daftari.

MTOTO WA JUMUIYA

Mwisho, twasema juu ya wale wasio na baba wala mama. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Miaka iliyofuata iliacha yatima wengi, na mabibi wengi, ambao walidhani wamemaliza kulea, walianza upya. Hata leo, katika kila kijiji cha nchi yetu, wako wajukuu walio mikononi mwa bibi, kwa sababu ya kifo au kwa sababu wazazi wamekwenda mijini kutafuta riziki. Bibi huyo ndiye mzazi. Yote tuliyoyasema yamhusu, lakini asiachwe peke yake.

Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinapopata kazi. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya jumuiya hizo kuwa msingi wa uchungaji mwaka 1976, ili Kanisa liishi nyumba kwa nyumba. Basi, jumuiya inapokutana kwa sala, na iulize: ni watoto gani wa darasa la kwanza na la pili tulio nao? Nani hakwenda shule juma hili? Nani hana daftari? Kijana aliyemaliza kidato cha nne, asiye na kazi kwa sasa, aweza kuwakusanya watoto watano jioni mbili kwa juma awasikilize wakisoma. WAWATA na UWAKA waweza kulisimamia jambo hilo bila kungoja fedha kutoka popote. Gharama yake ni taa moja na saa moja.

Nyumba ya Nazareti haikuwa na mali nyingi. Lakini ndani yake Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kukua, kujifunza na kutii, chini ya macho ya watu wawili waliomwangalia kila siku. Yatupasa nasi kuwapa watoto wetu macho hayo. Tusingoje mtihani. Tuanze jioni ya leo, kwa kusema maneno haya matatu: "Mwanangu, lete daftari."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Je, twamjua kwa jina mwalimu wa darasa wa kila mtoto wetu? Lini tulikwenda shuleni bila kuitwa?

2. Mwezi uliopita mtoto wetu alikosa shule siku ngapi, na kwa sababu gani? Kazi ile ingaliweza kungoja?

3. Tumtumie mtoto wa darasa la pili njia ya kufunika picha na kuonyesha neno la katikati. Anasoma, au anakariri?

4. Katika jumuiya yetu ni mtoto gani asiye na mtu wa kumwuliza habari za shule? Nani kati yetu atamwuliza?